Shamba Alilolisafisha Lungwa

Mbegu ya siri haililaumu jembe.

Mmeisikia leo asubuhi kwa shangazi yenu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza hilo jembe lilifanya nini. Wekeni simu chini basi. Methali hii mnaitumia kama chumvi, kila chungu mnaitia, na hakuna hata mmoja wenu anayejua ilitokea katika shamba la nani. Mimi najua. Nikimaliza kuwasimulia sidhani kama mtaicheka tena, ingawa vijana wa siku hizi hamtabiriki.

Chanzo chake ni Mnyanzale, kijiji cha nchi kavu ya katikati, ambako mwaka una msimu mmoja tu wa mvua. Wenyewe huuita kifuku. Huko ukipoteza kifuku umepoteza mwaka. Watu walilima uwele na mtama, mboga yao ilikuwa mlenda, na mbegu waliihifadhi katika kilindo, chombo cha gome la mti chenye mfuniko, kinachowekwa mahali ambapo panya hafiki wala mtoto hafiki.

Hapo Mnyanzale alikuwapo mwanamke aitwaye Mbumi na mumewe Lungwa. Lungwa alikuwa mtu wa watu. Alipiga zeze hata wagonjwa wakatoka nje, na hakuna sherehe iliyoanza kabla hajafika. Kasoro zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, yeye na jembe walikuwa hawasalimiani. Ya pili, mdomo wake haukuwa na kizibo. Alichoambiwa asubuhi, kilabu kizima cha pombe kilikijua kabla ya jioni. Na aliamini bahati kuliko kitu kingine chochote. "Bahati haisukumwi," alikuwa akisema. "Ikitaka kuja itakukuta hata umelala." Ni kweli, mara nyingi ilimkuta amelala. Haikumwamsha tu.

Miaka miwili mfululizo kifuku kilikuwa kifupi. Mwaka wa pili, uwele uliisha ghalani miezi minne kabla ya mvua, na hapo ndipo walipompeleka binti yao wa pekee, Sechelela, mtoto wa miaka tisa, kwa dada yake Lungwa aliyekaa ng'ambo ya mto, mwendo wa siku nzima. Kule kulikuwa na chakula. Shangazi mtu akasema, "Atakaa kwangu mpaka mtakapovuna chakula cha mwaka mzima. Mkivuna, njooni mumchukue. Msipovuna, mwacheni mtoto, asihangaishwe." Lungwa alimshukuru dada yake. Mbumi naye alishukuru kwa mdomo, akarudi nyumbani na kanga ya mtoto ambayo hakuifua mpaka harufu ilipoisha yenyewe.

Tangu siku hiyo Mbumi hakuwa na wazo jingine. Kuvuna, na kumrudisha Sechelela. Mengine yote aliyafanya huku akiwaza hilo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye fundo. Mnyanzale walikuwa na mwiko. Mvua ya kwanza ikinyesha, hakuna kutia mbegu ardhini. Watu walisherehekea kwanza, siku saba. Katika siku hizo magugu yaliota, na kila nyumba ilitoka kuyakwangua, ardhi ikabaki safi. Ndipo Mzee Madeje, aliyekuwa mshika mvua wa kijiji, alipopanda mbegu yake ya kwanza, na wengine wote wakafuata. Aliyetangulia alisemwa ameziba mbingu. Mvua ikichelewa au ikikatika, aliyeziba ndiye alaumiwe.

Mwaka wa mvua nyingi mwiko huo haukuwa na ubaya. Watu walipanda kwenye shamba lisilo na gugu. Lakini mwaka wa mvua haba, siku hizo saba zilikula maji ya kwanza, tena ndiyo maji mazuri. Mbumi alikuwa ameliona jambo hilo mwaka juzi, akaliona tena mwaka jana. Uwele ulikuwa ukikauka ukiwa umebakiza siku chache tu ukomae, siku saba au nane. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, jibu likawa lile lile. Zile siku za ngoma ndizo zilizomchukua mwanawe.

Mwaka wa tatu, mwisho wa kiangazi, mambo yakaanza kubadilika porini kama yanavyobadilika huko kila mwaka. Kabla tone halijaanguka, migunga ilitoa majani machanga, mengine ya kijani na mengine mekundu, na baadhi ikachanua maua ya manjano yanayonukia mpaka njiani. Ardhi bado ilikuwa vumbi tupu na miti ilikuwa imevaa kama watu wa harusi. Dudumizi, ndege wa mvua, akaanza kulia alfajiri. Mbumi alikuwa akisimama mlangoni na kuvuta ile harufu, na moyo wake ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mtoto aondoke. Akajiambia, "Hii bahati watu wanayoingoja, mwaka huu nitaipanda mwenyewe."

Akaipanda. Alichagua saa ya jua la utosi, watu wote wakiwa ndani. Hakuchimba mashimo, maana mashimo yangeonekana. Alizitupa mbegu kwa mkono, akazifunika kwa kuburuta tawi la mgunga huku na huku, mpaka shamba likawa kama halijaguswa na mtu. Alimaliza kwa siku tatu. Uwele wote wa kwenye kilindo uliingia ardhini. Ndani ya kilindo akajaza pumba, na juu ya pumba akatandaza viganja viwili vya mbegu, ili mumewe akifunua aone kimejaa.

Hakumwambia Lungwa. Alikuwa na sababu, na sababu ilikuwa nzuri: angemwambia Lungwa, Mzee Madeje angejua kabla ya jua kuzama. Lakini niwaambie ukweli wote, kwa kuwa nyinyi si watoto tena. Ilikuwapo na sababu ya pili. Mbumi alitaka kuuona uso wa mumewe siku atakapokuta uwele umefika magotini wakati wa wengine haujatokeza. Miaka kumi na mmoja alikuwa amesikia habari za bahati isiyosukumwa. Alitaka kuuona uso ule, aufaidi.

Wala hakuogopa jembe la Lungwa. Lungwa na magugu ya kwanza? Tangu amuoe hajawahi kuyagusa. Kazi ile ilikuwa ya Mbumi kila mwaka, na mwaka huo angeyang'oa magugu kwa mkono, moja moja, akiuacha uwele wake usimame. Majani ya uwele mchanga na ya yale magugu ni kama mapacha, lakini mwenye kupanda anajua pacha wake.

Siku ya tisa baada ya kupanda, mvua ikaja. Ilikuja mchana, kwa kishindo, na Mnyanzale nzima ikatoka nje. Watu wazima walisimama uwanjani midomo wazi. Wanawake wakabeba ngoma, watoto wakafukuza kumbikumbi, vyura wakaanza kelele zao mahali ambapo jana hapakuwa na maji hata ya kunawa. Harufu ya udongo uliolowa ilijaa kila mahali. Mbumi alicheza. Alicheza mpaka jirani yake Nhonya akamshika mkono akamwuliza, "Mwenzetu, leo una nini?" Mbumi akamjibu, "Nina mvua."

Lungwa alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, zeze begani, akiimba. Alipomwona mkewe akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mama Seche! Umeiona? Nilikuambia mimi. Bahati imekuja yenyewe."

"Bahati hulimwa, Baba Seche," Mbumi akamjibu. "Wewe imekukuta umeshika nini? Umeshika zeze. Na mwanao anasaga kwa watu."

Watu walicheka. Lungwa naye alicheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka. Lakini Nhonya, aliyekuwa karibu, alisema baadaye kwamba vidole vya Lungwa vilisimama kwenye uzi, na wimbo ule hakuumaliza.

Siku ya nne baada ya mvua, Mbumi alikwenda shambani peke yake, akachuchumaa. Vichwa vya kijani vilikuwa vimetoboa ardhi, vyembamba, vimejaa shamba zima, magugu na uwele pamoja. Alilia kwa furaha, nisiwafiche. Alitambaa akitenganisha kwa kidole, huu wangu, hili gugu, huu wangu, huu wangu. Siku mbili alikwenda hivyo, asubuhi na jioni, na alikuwa akirudi nyumbani anaimba.

Siku ya sita akashindwa kuvumilia. Alimwambia mumewe anakwenda kumsalimu mtoto, akatoka alfajiri. Kule ng'ambo ya mto alimpata Sechelela kwenye jiwe la kusagia, amekonda shingo, mikono imekomaa. Akamvuta pembeni.

"Seche, nikuambie siri?"

"Niambie, mama."

"Mwaka huu unarudi. Nimekwisha panda. Imekwisha ota. Wakati wenzetu wanaanza kuvuna, mimi nitakuwa nakuja kukuchukua."

Mtoto alimshika mama yake kiunoni akamkaza mpaka ikawa kazi kumbandua. Mbumi alilala huko usiku mmoja, kesho yake akarudi, na njia nzima aliona kila mti umevaa vizuri kuliko jana.

Alipofika karibu na kwake alimwona Lungwa amesimama ukingoni mwa shamba. Alikuwa amevua shati, ametapakaa udongo mpaka kwenye nywele, na uso wake uliwaka kwa furaha. Akamkimbilia mkewe, akamwonyesha viganja. Malengelenge yalikuwa yamejaa, mengine yamepasuka.

"Tazama, Mama Seche! Tazama mikono hii! Nani alisema Lungwa hajui jembe?"

Mbumi alitazama shamba. Lilikuwa safi. Jekundu, laini, halina jani hata moja, toka mpaka hadi mpaka.

"Siku mbili," Lungwa akaendelea. "Ulipotoka tu, nami nikashika jembe. Neno lako liliniuma. Ulisema kweli, bahati hulimwa. Nimekwangua kila kitu, sijaacha hata unywele. Keshokutwa Mzee Madeje anapanda, na sisi tutakuwa wa kwanza nyuma yake. Mwaka huu mtoto anarudi, mke wangu! Lete kilindo."

Mbumi alipiga magoti akachukua konzi ya majani kwenye lundo lililokusanywa kando. Yalikuwa yamenyauka, mizizi juu. Akatenganisha kwa kidole. Huu wangu, akasema kwa sauti ndogo. Hili gugu. Huu wangu. Huu wangu.

"Wako nini?" Lungwa akauliza. Aliuliza akiwa bado anatabasamu.

Mbumi akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kilindo. Akakiinamisha mbele ya mumewe. Kwanza zilimwagika mbegu chache, kisha pumba, kisha pumba, kisha pumba mpaka mwisho, na upepo ukazipeperusha pumba.

Lungwa alitazama pumba, akatazama lundo, akatazama viganja vyake. Ilimchukua muda. Alipoelewa alitoa sauti ambayo sitajaribu kuiiga. Akalinyakua jembe, akalinyanyua juu ya jiwe alivunjilie mbali. Alilipiga nalo jiwe mara moja, cheche zikaruka. Alipolinyanyua mara ya pili Mbumi akamshika mkono.

"Liache," akasema. "Limekosa nini? Mbegu ya siri haililaumu jembe."

Msidhani alisema hivyo kwa upole. Hakusema ili kumfariji. Alisema kama mtu anayejihukumu mwenyewe, kisha akaingia ndani akafunga mlango, na siku ile hakupika.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lungwa hakuweza kubeba lile peke yake. Alikwenda kilabuni, na pombe na machozi vikamtoa yote: mbegu, vumbi, jua la utosi, na neno alilosema mkewe. Alilirudia lile neno mara nyingi, mpaka walevi wakalishika. Kwa hiyo methali hii, wapendwa, ilitoka Mnyanzale kwa mdomo wa yule yule ambaye Mbumi alimficha kwa sababu ya mdomo wake.

Kesho yake kila mtu alijua. Mzee Madeje akawaita, akatamka kwamba Mbumi ameziba mbingu, na kwamba asipewe mbegu na mtu yeyote mwaka ule. Lungwa alianguka miguuni pa mzee kumwombea mkewe, haikusaidia. Nhonya pekee ndiye aliyepita jioni na viganja viwili vya uwele ndani ya kanga, akavimwaga mlangoni bila kubisha hodi. Walivipanda pamoja na zile chache za juu ya pumba. Zikaota, zikafika magotini, na wiki ya tano mvua ikakatika. Kijiji kizima kilivuna kidogo. Kijiji kizima kilimtazama Mbumi.

Nao wasijue walichokuwa wakikitazama. Kwenye kona moja ya shamba, nyuma ya kichuguu, jembe la Lungwa halikufika. Huko uliota uwele ule wa vumbini, ukakomaa kabla mvua haijakatika, ukatoa masuke kumi na manne mazito, marefu kama mkono. Kumi na manne. Shamba zima lingekuwa hivyo. Mbumi aliyavuna, akayatwanga, akasonga ugali wa siku moja, wakala wawili.

Wakati wa mavuno alikwenda tena ng'ambo ya mto. Alimkuta Sechelela amekaa njiani, kifurushi chake kimefungwa, na shangazi akasema kimefungwa hivyo mwezi wa pili sasa, mtoto hataki kifunguliwe.

"Haitawezekana mwaka huu, mwanangu."

"Si ulisema umekwisha panda?"

"Nilisema."

"Ukasema imekwisha ota."

Mbumi alikuwa na jibu mdomoni. Lakini jibu lile lilikuwa na jina la baba ndani yake, na mtoto alimpenda baba yake kuliko jua. Akalimeza.

"Nilikudanganya," akasema.

Sechelela akanyanyuka, akachukua kifurushi chake, akaenda ndani kukifungua. Mwaka uliofuata mvua zilikuwa nzuri na ghala likajaa. Mbumi na Lungwa walikwenda wote wawili kumchukua, na mtoto akakataa. Alisema hapa ndipo kwao. Alikulia huko, akaolewa kutoka huko, na siku ya harusi shangazi ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mama.

Lungwa alikuwa mkulima hodari tangu mwaka ule. Zeze alilitundika. Lakini kila kifuku, mpaka alipozeeka, alikuwa akisimama katikati ya shamba na jembe lake akimwita mkewe kutoka mbali, "Mama Seche! Na hili nalo gugu?" Na Mbumi aliacha alichokuwa akikifanya, akaenda kutazama.

Miaka mingi baadaye, Mbumi akiwa mjane, alikwenda kumtembelea Sechelela kwa mumewe. Methali zinatembea, mnajua, na hadithi zake hubaki nyumbani. Walikuwa wakichambua mlenda barazani, wajukuu wakiwazunguka, na mmoja wa wajukuu akaja analia. Alikuwa ameficha mayai ya kuku kwenye kapu la nguo bila kumwambia mtu, na dada yake amelitupa kapu uani kwa ajili ya kufua, mayai yote yakavunjika. Sechelela akacheka mpaka akafuta machozi.

"Usimlaumu dada yako," akamwambia mtoto. "Mbegu ya siri haililaumu jembe." Kisha akamgeukia mama yake, bado anacheka. "Na kwenu huko, mama, mnaijua hii?"

Mbumi aliendelea kuchambua majani.

"Tunaijua," akasema.

Basi siku nyingine mtu akiwatamkia neno hilo, chekeni kama mtaweza, ila mjue limepita wapi kabla ya kuwafikia. Mbegu ya siri haililaumu jembe.